Iradukunda wa Kumi na Tano

"Jana kliniki, nusura nesi akanyagwe!"

Bonifasi alisema hivyo hata miguu yake haijagusa chini. Alikuwa bado juu ya baiskeli, anatoka Simbo kupeleka samaki, matenga yake mawili matupu. Na Bonifasi akirudi na matenga matupu, ujue kichwa kimejaa. Ndiyo maana hapa Katonga tunamwita Redio. Wiki moja kabla ya hapo alituletea habari ya mamba wa Ilagala aliyepasuliwa tumbo ikakutwa saa ya mkono, na saa yenyewe inatembea.

Kwa hiyo hakuna aliyeinua kichwa haraka. Mzee Barutwanayo, ambaye kijiweni ni Mzee Sindano, aliendelea kushona wavu wake. Dotto Plagi, fundi wa mashine za boti, aliendelea kusugua plagi kwa mswaki, na mswaki huo hakuna anayetaka kujua kazi yake nyingine. Telesphory, mlinzi wa stoo ya nyavu, alikuwa amefumba macho kama anayesali. Mwanvua muuza dagaa alikuwa amekalia debe lake, amenyoosha kikombe.

"Skola mwanangu, nipe kimoja tu nimalizie niondoke."

Anaitwa Mwanvua Kikombe Kimoja. Hicho kilikuwa cha nne.

Nikammiminia. Kazi yangu pale ilikuwa hiyo, birika la kahawa na vikombe, na kusikiliza. Mgongoni nilimbeba mwanangu, msichana wa wiki tano, ambaye alikuwa hana jina. Kwenye kadi yake iliandikwa "Mtoto wa Skolastika", basi. Baba yake, Ndizeye, alikuwa kwenye kambi ya dagaa Ilagala, na kabla ya kuondoka aliniachia neno moja: mtoto nimwite ninavyopenda, ila yeye asirudi akakuta Iradukunda wa nne katika ua wetu. Maana watatu tulikuwa nao tayari: wa wifi yangu, wa shemeji yangu, na mdogo wangu mwenyewe. Ukisema "Iradukunda, njoo ule," sufuria linaisha kabla hujajua ulimwita nani.

Nilikuwa nimemwelewa. Na mimi nilitaka siku nikimwita mwanangu, ageuke mmoja. Lakini jina nilikuwa sijalipata, na kuuliza watu naona haya.

"Nesi gani huyo akanyagwe?" Dotto aliuliza mwishowe.

"Nesi Margareta. Si jana ilikuwa siku ya kupima uzito? Kasimama mlangoni na kadi, kaita: Iradukunda! Wakainuka akina mama kumi na wanne."

"Kumi na wanne!"

"Kwa mpigo mmoja. Benchi likabinuka upande wa pili, bibi mmoja aliyebaki peke yake akaruka kama dagaa. Na si hao tu. Akainuka na kijana mmoja mwenye jipu, naye ni Iradukunda, akasema zamu yake imefika, asilete mtu siasa."

Mwanvua aliweka kikombe chini. Hiyo ilikuwa dalili kwamba habari imekubaliwa.

"Sasa sikieni," Bonifasi akaegemeza baiskeli. "Kadi zikachanganyika. Mtoto wa miezi minne akaandikwa kilo kumi na tatu. Nesi kampa mama yake mkono wa hongera, kamuuliza mbele ya watu, mama, unamlisha nini huyu?"

"Akasema nini?"

"Akasema ugali wa mgao."

"Na yule wa kilo kumi na tatu?"

"Huyo kaandikwa kilo nne. Wakamhurumia, wakampa uji wa lishe wa mwezi mzima. Mama yake kaona haina haja ya kubishana na serikali, kachukua, kaondoka."

Watu walicheka mpaka Telesphory akafumbua macho.

"Sasa Nesi kachoka," Bonifasi akaendelea, na hapo akapunguza sauti kama redio inayosubiri taarifa ya saa saba. "Katangaza. Wale kumi na wanne kawapa namba. Iradukunda wa Kwanza, Iradukunda wa Pili, mpaka wa Kumi na Nne, kama wafalme wa Ulaya. Na watoto ambao hawana jina kwenye daftari, mwisho ni leo saa sita. Ikifika saa sita hujaleta jina, anakuandikia yeye: Iradukunda wa Kumi na Tano."

Niliona vichwa vyote vinageuka polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka vikafika mgongoni kwangu.

"Skola," Mwanvua akasema, "huyo bado ni Mtoto wa Skolastika?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu," akasema Bonifasi.

"Basi muda upo," Dotto akatupa mswaki kwenye kopo. "Tumtafutie jina. Katonga nzima haiwezi kukosa jina! Lakini kwanza niulize, Mzee, na usinikasirikie. Nyinyi watu wa ng'ambo ya ziwa mna nini na hilo jina? Kila boti ikishusha watu, Iradukunda. Kila hema, Iradukunda. Nasikia huko kambini kwa wakimbizi mtu akipiga chafya wanaitika wanane."

Mzee Barutwanayo alikata uzi kwa meno. Yeye alivuka ziwa mwaka sabini na mbili, akiwa kijana, na hawa waliovuka miaka hii anawaita watoto wa juzi. Lakini ukiwasema watoto wa juzi mbele yake, anakuwa baba yao.

"Dotto. Hapa Katonga tuna Dotto wangapi?"

"Mzee, hiyo ni ishu nyingine."

"Wangapi?"

"Sita."

"Na Kulwa?"

"Wanne."

"Pacha wa kwanza Kulwa, pacha wa pili Dotto. Hao Dotto wawili waliozidi walizaliwa na nani?"

Mwanvua alipiga paja lake. "Haya, jibu! Pacha wasio na pacha!"

"Hao wamerithi jina la babu," Dotto akasema, lakini sauti ilikuwa imeshapoteza mashine moja.

"Wewe unaitwa Plagi kwa nini?" Mzee hakumwachia. "Si kwa sababu tukisema Dotto anakuja Dotto Kipara, anakuja Dotto wa mashua, anakuja na yule mwizi wa nanga? Hata hilo Plagi umeokolewa nalo. Kaa chini."

Dotto alikuwa amekaa tayari, lakini akakaa tena.

Mzee akashika sindano yake, akawa kama anaongea na wavu. "Iradukunda maana yake Mungu anatupenda. Mtu katoka kule usiku, boti imejaa mpaka maji yanaingia, anaambiwa mtoto akilia watatupwa wote. Kafika huku asubuhi. Anawaangalia wanawe, wote wapo. Halafu anajifungua mwingine. Unataka amwite nani? Plagi?"

Mimi nilivuka hivyo hivyo, na mama, na mdogo wangu akiwa tumboni. Ndiyo maana jina hilo silichukii. Ni kwamba Mungu alitupenda wengi mno kwa mwaka mmoja.

Mwanvua ndiye aliyevunja kimya, maana kimya kwake ni kama kikombe kitupu.

"Ni kweli, Mzee. Lakini na hao wengine wamshukuru Mungu kwa maneno mengine, jamani! Mungu ana sifa nyingi. Sisi Wamanyema, mtoto anaitwa kwa siku yake. Mimi nilizaliwa mvua inanyesha mpaka nyumba ya jirani ikaondoka. Mwanvua. Ukilisikia unaona na mawingu. Kaka yangu alizaliwa siku ya shida, anaitwa Tabu, na mpaka leo hajawahi kutudanganya."

"Unajisifia nini wewe, Kigoma nzima ina Mwanvua," Telesphory akasema.

"Kwa sababu mvua inanyesha Kigoma nzima! Wewe Kalenda nyamaza. Wewe ndiye umeharibu huu mji."

Telesphory anaitwa Kalenda kwa sababu ndani ya stoo ametundika kalenda ya parokia yenye watakatifu wa kila siku, na mtu akijifungua anakwenda kumuuliza. Hapo akajiweka sawa, akafunga kifungo cha shati.

"Nimeharibu nini? Mimi natoa majina ya mbinguni bure."

"Ya mbinguni gani? Kalenda yako ina kurasa ngapi?"

"Inatosha."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Julai na Agosti!" Mwanvua akatutangazia. "Hizo nyingine mke wake aliwashia moto. Watakatifu wa miezi kumi wameivisha maharage. Ndiyo maana Katonga tuna Ignasi saba, Alfonsi watano na Klara tisa. Mtoto anazaliwa Krismasi, huyu anakwenda kumsomea Agosti!"

"Mtakatifu hana mwezi," Telesphory akasema kwa upole. "Akiombwa Desemba anasikia."

"Anasikia, lakini anashangaa."

Bonifasi alikuwa anacheka huku anafuta jasho. "Saa tano kasoro," akasema. "Mnasema majina ya wenzenu, mtoto anakwenda kuwa wa Kumi na Tano."

Wakanigeukia tena. Nikajifanya napuliza makaa.

"Haya, mimi natoa," Dotto akasimama. "Skola, sikia jina la mjini. Milenia."

"Mile nini?" Mzee akauliza.

"Milenia, Mzee! Si miezi miwili tu tunaingia mwaka elfu mbili? Dunia yote inangoja. Mtoto anaingia elfu mbili na jina jipya, halijavaliwa na mtu. Milenia Ndizeye. Bomba!"

"Na ikifika elfu mbili na kumi?"

"Si bado anaitwa Milenia?"

"Atakuwa amechacha," Mzee akasema. "Jina la mtu si mkate, Dotto."

"Aitwe Mwanvua," Mwanvua akasema, kama mtu anayefunga mkutano. "Nimpate somo wangu. Nitamfundisha kupima dagaa, na kutukana bila kutamka neno."

"Huyu kazaliwa jua kali," Bonifasi akamkumbusha. "Wiki tano zilizopita vumbi lilikuwa mpaka kwenye chai. Mvua ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inanukia."

"Inanukia!"

"Wallahi ilinukia upande wa Kongo. Mimi naijua."

"Klara," Telesphory akasema.

"Wa kumi!" wakamjibu wote.

"Basi Ignasia."

"Nenda kalale."

Mzee Barutwanayo aliwaacha wapigane. Kisha akaweka wavu chini, na akiweka wavu chini watu wananyamaza, maana huwa hauweki.

"Nyinyi wote mnatafuta jina zuri," akasema. "Kwetu zamani jina halikuwa la uzuri. Lilikuwa barua. Wewe una ugomvi na jirani, huna nguvu ya kupigana naye, au unaona haya. Unangoja. Mkeo akijifungua, unayatia maneno yako kwenye jina la mtoto. Kila siku jioni unasimama uani unamwita mwanao kwa sauti, na jirani anasikia. Atakushitaki wapi? Umemwita mtoto."

"Kumbe!" Dotto akavuta kigoda karibu. "Na wewe lako linasemaje?"

"Barutwanayo. Wanapitwa nayo."

"Nani wanapitwa?"

"Majirani."

"Wanapitwa na nini?"

"Baba hakusema. Lakini nyumbani kulikuwa na mbwa."

Mwanvua alimwaga kahawa. Ilibidi nimpe kitambaa.

"Na hao majirani walikubali?" Bonifasi akauliza, na niliona anaihifadhi hiyo kwa ajili ya Simbo.

"Walikaa kimya mwaka mzima. Halafu na wao wakapata mtoto, wakajibu. Tulikuwa tunachunga ng'ombe pamoja, mimi na jibu langu. Rafiki yangu mkubwa sana." Akaokota wavu wake. "Sasa hivi kila mtu anaongea na Mungu tu. Majirani hakuna anayewajibu. Ndiyo maana majina yamefanana."

"Basi hilo hapo!" Dotto akaruka. "Mtoto apewe jina la zamani, Mzee alitoe yeye."

"Hapana, Milenia si ulishalitoa wewe?" Bonifasi akamuuliza.

"Na Mwanvua yupo hapa hajafa," Mwanvua akasema. "Mimi nimelitoa kabla."

"Mimi Klara nililitoa nikiwa nimefumba macho, moyoni, kabla yenu wote," Telesphory akasema.

Wakaanza upya. Dotto akasema jina la Mwanvua lina unyevu. Mwanvua akasema Milenia ni ugonjwa wa kuku. Telesphory akasema watu wasiobatizwa wasimguse mtoto, na Mwanvua akamuuliza kalenda yake ilibatizwa lini. Mtoto akaamka, akaanza kuchezacheza mgongoni, akanyamaza, kama anasikiliza.

Bonifasi hakuwa ametoa jina. Alikuwa anakula kashata yake, anatazama ziwa. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Na kitenge?"

"Kitenge gani?" Dotto akasema.

"Si mnajua desturi. Mtoa jina haendi mikono mitupu. Analeta kitenge kipya cha kumbebea mtoto. Doti nzima. Nauliza tu, katika nyinyi, nani ana kitenge?"

Nilisikia maji ya ziwa yanavyopiga mchanga. Nilikuwa sijayasikia tangu asubuhi.

Dotto alirudi kwenye plagi zake. "Kwa kweli," akasema, "ukiangalia vizuri, Iradukunda halina ubaya."

"Ni jina la heshima," Telesphory akasema.

"Mungu anatupenda," Mwanvua akaafiki huku anakunja kanga yake vizuri. "Nani mwingine anatupenda hapa Katonga? Na namba yenyewe ni nzuri. Kumi na tano. Mwezi ukiwa kumi na tano ndio unapendeza."

"Na mimi la zamani nilikuwa nasimulia tu," akasema Mzee Sindano. "Kusimulia si kutoa."

Ndivyo mwanangu alivyopoteza majina manne kwa wakati mmoja.

Hata robo saa haikupita, nikaona viatu vyeupe vinakuja vinakwepa mikeka ya dagaa. Nesi Margareta mwenyewe, daftari kubwa chini ya kwapa, kalamu kwenye nywele. Nikainuka.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Nimeona nisikae kuwangoja, napita mwenyewe. Nipe kikombe." Akakaa mwisho wa benchi, akafungua daftari magotini. "Mtoto wa Skolastika. Wiki tano. Jina?"

"Milenia!" akasema Dotto.

"Mwanvua!"

"Klara!"

"Mwandikie Iradukunda tu, Nesi, imeshakubaliwa," akasema Bonifasi.

"Mzee Sindano ana la kwake zuri, lina mbwa," Dotto akaongeza.

Nesi aliwaangalia mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kuchoma sindano kwanza.

"Nimemuuliza mama."

Wakanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wamenyamaza kwa ajili yangu. Macho yote yale, na birika mkononi, na Nesi ameshaishusha kalamu kutoka kwenye nywele. Niliona kwenye daftari ile safu ya Iradukunda, mmoja juu ya mwingine, mpaka chini, na chini yake nafasi tupu.

Nikasema.

"Sijasikia," Nesi akasema. "Wewe unaongea na kahawa au na mimi?"

"Baravuga," nikasema tena.

Sindano ya Mzee Barutwanayo ilisimama ndani ya tundu la wavu. Akanitazama. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, halafu tumbo, halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka na machozi yakamtoka, na sisi tulikuwa hatujawahi kumwona Mzee Sindano akicheka kwa mdomo wazi. Ana meno machache kuliko tulivyodhani.

"Yemwe! Jamani, Skola! Kumbe mtoto wa juzi unajua za zamani!"

"Kasemaje? Kasemaje?" Dotto akamvuta mkono. "Mzee, tafsiri!"

"Baravuga," Mzee akajifuta macho kwa wavu. "Wanasema. Wanaongea tu, wanasema. Nani hao? Hakutaja. Lakini tangu saa nne mtoto wa watu yuko hapa mgongoni, nani amekuwa akisema?"

Dotto akamtazama Mwanvua. Mwanvua akamtazama Telesphory. Telesphory akafumba macho.

"Tumetukanwa?" Mwanvua akauliza.

"Tumejibiwa," Mzee akasema.

"Na huyu ambaye hata bei ya kashata anaisema kwa vidole!" Mwanvua akanitazama juu mpaka chini, kisha akaanza kucheka na yeye. "Haya. Haya, mwanangu. Kila jioni utasimama uani utaita, Baravuga! Na mimi huku kwenye debe langu nitajijua."

Nesi alikuwa anafunua kurasa, anarudi nyuma, anakwenda mbele, kidole kinashuka kwenye majina. "Sina," akasema. "Sina hata mmoja. Katika daftari zima." Akaandika, akapuliza wino, akatazama alichoandika kwa furaha kama mtu aliyekuta embe msimu umekwisha. "Mungu akubariki, mama. Huyu nikimwita atakuja mmoja."

"Sasa Nesi," Bonifasi akasema, na kashata ilikuwa imeisha, "wewe umesoma, tuamulie. Jina limetokana na kusema kwetu. Tusingesema, lisingekuwepo. Kwa hiyo mtoa jina ni nani?"

"Ni nyinyi wote," Nesi akasema bila kufikiri.

"Na kitenge cha mtoa jina?"

Nilishaona kijiwe kikivunjika kwa mvua, na siku moja kwa nyuki. Sikuwahi kukiona kikivunjika namna ile. Dotto alikumbuka boti inayomngoja. Telesphory alisikia mtu anagusa kufuli ya stoo, ambayo iko upande wa pili wa mwalo. Mzee aliukunja wavu ambao siku tatu alikuwa hajaukunja. Mwanvua aliondoka na debe kichwani, na kikombe changu mkononi. Hata Bonifasi aliyeuliza alipanda baiskeli, akasema Simbo wanamngoja na habari.

Alibaki Nesi, anamalizia kahawa yake, anacheka peke yake.

Jioni ile, nilipokuwa nazima makaa, Mwanvua alirudi. Alirudisha kikombe, na ndani ya gazeti linalonuka dagaa kulikuwa na kitenge cha kijani chenye maua. "Usiwaambie wale," akasema. Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajafika, Dotto akaniwekea kimoja chini ya benchi, kina alama ya grisi pembeni. "Skola, iwe siri yetu." Cha Telesphory kililetwa na mkewe. Cha Mzee kilikuja kimefungwa kwa uzi wa nyavu, fundo ambalo ilinichukua nusu saa kulifungua. Bonifasi hakuleta kitenge, alileta mihogo ya Simbo, akasema yeye kazi yake ni kutangaza.

Na kazi hiyo aliifanya. Alilipeleka lile jina Simbo, akalipeleka mpaka karibu na Ilagala, kila aliposhusha tenga alisimulia. Ndizeye alilisikia kwa watu kabla hajafika nyumbani, na alipofika uani alisimama mlangoni akaliita kwa sauti. Watoto wote wanne wa ua wakatazama. Akageuka mmoja tu, mgongoni kwangu, au mimi niliona hivyo.

Siku ya kupima uzito mwezi uliofuata, nilikwenda na kitenge cha kijani. Benchi la kliniki lilikuwa limejaa akina mama na vichanga vipya. Nesi Margareta akatoka mlangoni na kadi, uso unameremeta, akaita kama anayeagiza soda baridi:

"Baravuga!"

Tukainuka akina mama watano.

Nesi aliziangalia kadi, akatuangalia sisi, akaegemea mlango. Kisha akachomoa kalamu kwenye nywele.

"Baravuga wa Kwanza!"

Mwezi mmoja kabla ya hapo ningeinama, ningengoja mwingine atangulie. Lakini hao wanne walikuwa wananitazama mimi, na mtoto alikuwa ameshikilia kitenge kwa vidole vyote.

Nikasema, "Nipo," na sikuhitaji kurudia.